Mkuki wa Kimasai Bariadi, tunamzuga nani?

Tumekutana tena kwenye kona yetu, wewe na chai yako, mimi na domo langu. Wiki hii sina stori ya mapenzi wala ya mtu kufumaniwa gesti. Nina stori ya mkuki. Tulia kwanza, hakuna aliyechomwa.

Mambo yenyewe yalianza nilipofunga safari kwenda Bariadi kumsalimia mjomba wangu. Kwa wale wa mjini ambao ramani ya nchi yao inaishia Kibaha, Bariadi ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza. Ukitoka Mwanza unapita Kisesa, unapita Magu, ukifika Lamadi basi linakata kulia na kuitafuta Bariadi, kama kilomita 70 hivi. Lakini usipokata kulia, ukanyoosha kama unakwenda Musoma, hujakaa sawa umefika geti la Ndabaka, geti la kuingilia Serengeti upande huu wa ziwa. Ishike hiyo kona ya Lamadi, maana ndiyo iliyomchanganya mjomba.

Mjomba ni mfanyabiashara wa pamba wa siku nyingi. Pamba ilipompa fedha akajenga hoteli. Siyo kubwa, vyumba ishirini na kitu, ghorofa moja, maji ya moto yapo yakijisikia. Mwaka huu akapata wazo. "Mjomba," akaniambia kwenye simu, "watalii wanapita hapo Lamadi kila siku, mimi nimekaa tu nawapungia mkono! Lazima wakate kona waje walale kwangu." Akaamua kubadili ukumbi wa mapokezi ufanane na zile hoteli za mbugani. Akamleta fundi wa mapambo kutoka mjini, kijana mmoja wa mapozi, anavaa miwani ya jua mpaka usiku.

Bwana we! Nilipotia mguu pale mapokezi nikadhani basi limenishusha mkoa mwingine. Ukutani ngao mbili za Kimasai na mikuki imepishana katikati yake. Kwenye kona simba wa plasta kaachama mdomo kama anasubiri daktari wa meno. Juu ya kaunta kinyago cha uso mrefu. Nikamuuliza fundi kimetoka wapi, akajibu, "Hicho cha Kiafrika, braza." Basi, maelezo yakaishia hapo. Makochi yamevishwa kitenge chenye mapambo ya rangi saba. Na katikati ya ukumbi ngoma kubwa imegeuzwa meza. Juu ya ngoma kioo, juu ya kioo kibakuli cha pipi.

"Vipi?" mjomba akaniuliza, kifua mbele. "Si Serengeti yenyewe hii?"

Nikasema, "Mjomba, bab kubwa." Ndiyo, niliongopa. Mtu unayekula na kulala bure utasemaje?

Kicheko changu cha moyoni kilikatika jioni. Binti wa mapokezi aliniita pembeni, karibu na mlango wa jikoni. Akaniambia kwamba kuanzia Jumatatu ameamriwa kuvaa shuka nyekundu ya lubega na mkufu wa shanga shingoni, ili afanane na ukuta. "Kaka, mimi Msukuma wa Itilima," akasema. "Baba akija kuniona nimevaa hivi nitamwambia nini? Na bosi amesema asiyetaka aache kazi. Nina mtoto, na wadogo zangu wawili wanasoma kwa mshahara huu huu. Wewe ni mjomba wako, ongea naye."

Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Mkuki ukutani ni kichekesho mpaka pale mtu anapotakiwa kuigiza kabila la mwenzake ili mwanawe apate uji.

Sasa tusimwonee mjomba, maana hili si yeye aliyelianzisha. Mapokezi ya hoteli ya kitalii ni duka. Mgeni anaingia kachoka, vumbi mpaka kwenye kope, na kwa dakika tano za kwanza anataka aambiwe kwamba nauli yake haikupotea. Kwa hiyo kila mwenye hoteli anajenga mchezo wa kuigiza. Pale Florida, Marekani, kampuni ya Disney ilifungua mwaka 2001 hoteli inayoitwa Animal Kingdom Lodge. Mapokezi yake yana paa kubwa la nyasi na taa zenye umbo la ngao, na nje ya madirisha wanakatiza twiga na pundamilia. Jengo moja linaitwa Jambo House, jingine Kidani Village, na sehemu za kula zinaitwa Jiko na Boma. Mmarekani anavaa tai, anampeleka mchumba wake kula Jiko! Huku kwetu kijana akisema kapata jiko watu wanaanza kuchanga harusi.

Unacheka, lakini subiri. Pale mapokezi wameweka pia Ijele, kinyago kikubwa mno cha Waigbo wa Nigeria, tena wanasema wazi kwamba ni cha Waigbo. Na Disney ilikuwa na utaratibu wa kuajiri vijana kutoka Afrika ili wawaeleze wageni hiki ni nini na kile ni nini. Yaani mchezo wa kuigiza kule Florida ulikuwa na mtu wa kujibu swali. Pale Bariadi nilipouliza nikajibiwa "cha Kiafrika, braza."

Hata hapa kwetu tumecheza mchezo huo kwa namna mbalimbali. Ngorongoro Crater Lodge ilipojengwa upya miaka ya 1990, msanifu Silvio Rech wa Afrika Kusini aliweka vibanda vinavyofanana na vya udongo kwa nje, ndani akaning'iniza taa za vioo kama za ikulu. Ikatangazwa kwa usemi kwamba Mmasai amekutana na Versailles, lile kasri la wafalme wa Ufaransa. Unaweza kupenda au kununa, lakini walisema wazi kwamba wanachanganya. Hakuna aliyeambiwa kuwa babu yake Mmasai alilala chini ya taa za vioo. Halafu nenda Seronera, katikati ya Serengeti. Ile hoteli ya miaka ya 1970 imejengwa kwenye majabali, na majabali yenyewe yameachwa yakaingia mpaka ndani, unakunywa soda huku umeegemea jiwe lililokuwapo kabla ya babu wa babu yako. Pale hakuna cha kuzuga. Jiwe ni la pale pale.

Basi siku ya pili nikaamua kufanya utafiti wangu wa kiswahiliswahili. Nikakaa kwenye lile kochi la kitenge kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa tatu usiku, nikawa nahesabu wageni. Waliingia kumi na tisa. Maofisa wa semina, wanunuzi wa pamba, kundi la watu wa harusi, dereva wa lori na utingo wake. Mtalii? Hata wa dawa. Walichouliza ni neno la siri la intaneti, maji ya moto, pa kuchaji simu, na kama mpira utaonyeshwa. Simba wa plasta aliangaliwa na mtu mmoja tu, mtoto wa miaka kama mitatu. Alilia mpaka akatolewa nje.

Nikatoka na mimi nikapunge upepo. Getini yupo mlinzi, kavaa shuka yake, rungu mkononi na tochi kiunoni. Mmasai. Jamani, Mmasai mwenyewe wa damu na nyama, yupo hatua ishirini kutoka zile ngao! Nikamuuliza, "Kaka, umeyaonaje mapambo yenu mle ndani?"

Akacheka mpaka akaegemea geti. Tukaingia naye ndani. Akaigonga ngao kwa kidole: ko, ko, ko. "Hii ng'ombe gani hii?" akauliza. Ilikuwa plaiwudi. Ngao ya kwao inatokana na ngozi. Akatazama mikuki, akasema ncha imeelekezwa chini kama jembe. Akachukua ule mkufu aliopangiwa binti. "Shanga zetu rangi zake zinasema kitu. Hii haisemi kitu, rangi tupu." Halafu akasema neno ambalo lilinikaa kooni: "Mimi niko getini hapa miaka minne. Hakuna mtu ameniuliza."

Umeona mambo hayo? Mmasai wa kweli analala nje getini, Mmasai feki amepewa ukuta ndani. Na Msukuma mwenye nyumba hayupo kabisa, si ukutani, si mezani.

Siku ya tatu alifika bibi, mama yake mjomba, kutoka kijijini. Alikuja mjini kwa ajili ya kliniki ya macho. Tukamwamkia, "Mwadila, mayu," akaitikia, akakaa, akaanza kukagua ukumbi kwa yale macho yanayosemekana hayaoni vizuri.

"Mgeni gani huyu aliyeacha mikuki ndani?" akauliza.

"Ni mapambo tu, mama," mjomba akajibu.

"Kwa baba yako mgeni alikuwa anaacha mkuki nje, ndipo anapewa maji. Wewe unampokea mtu kwa mikuki?"

Mjomba kimya. Jicho la bibi likatua kwenye ngoma. Akaitazama muda mrefu, yeye na ile pipi. Msomaji wangu, kwa Wasukuma ngoma si kitu cha kuwekea vikombe. Ngoma ilikuwa alama ya utemi, na mpaka leo ngoma ndiyo inayokutanisha watu. Kuna bugobogobo, ngoma ya majembe iliyotoka shambani. Kuna Bagika na Bagalu, makundi mawili yanayoshindana kucheza tangu enzi za waganga Ngika na Gumha. Kuna Bayeye wanaocheza na chatu, chatu mwenyewe, siyo wa plasta. Bibi akasema taratibu, "Umeiwekea kioo mdomoni. Itasemaje?"

Akaletewa soda. Akagoma kuiweka juu ya ile meza. Akaishika mkononi mpaka ikaisha baridi.

Halafu, kama vile hakusema lolote, akageukia makochi na kumgombeza mwanawe, "Na mbona hata vitambaa hakuna? Mkeo anafanya kazi gani humu?"

Hapo nusura nianguke. Maana bibi hakutaka nyumba ya msonge wala ngozi ya chui! Sebule yake kijijini naifahamu. Ina makochi yenye vitambaa vya kufuma kwa mkono, kalenda ya miaka mitatu iliyopita ambayo bado ina picha nzuri, picha ya harusi ya mjomba, chupa ya chai yenye maua. Ukiingia unapewa maji, unasalimiwa wewe, wazazi wako, ng'ombe wako na mvua ya kwenu, halafu inaletwa sahani ya michembe na karanga. Hayo ndiyo mapokezi ya Kisukuma ya leo, na hakuna msanifu aliyelipwa kuyabuni.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kitu halisi ni kile cha kale ambacho hakijaguswa na mtu wa nje. Ukifuata hivyo hutabaki na kitu. Shanga za vioo za Wamasai zililetwa na biashara kutoka Ulaya. Shuka zao zinafumwa viwandani. Picha za Tingatinga, ambazo kila hoteli inazitundika kama urithi wa mababu, alizianzisha Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyekuja Dar es Salaam, na hiyo ilikuwa mwaka 1968 tu. Hata vitenge vya kwanza vya aina hii viliigwa na Waholanzi kutoka batiki za Java, na kiwanda cha Vlisco kule Helmond kipo tangu mwaka 1846. Lakini Mmasai amezivaa shanga mpaka zikawa lugha yake. Tingatinga alichora kwa mkono wake, na wanafunzi wake wakarithi. Kitu kinakuwa chenu pale mnapoishi nacho na mnaweza kukieleza. Kikiwa kimenunuliwa kwa jumla na hakuna wa kukieleza, hata kingekuwa na miaka mia tano, hapo ni danganya toto.

Na kitenge cha makochi ndicho kilichoniuma zaidi. Simiyu ni moja ya mikoa inayoongoza kwa pamba hapa nchini. Mjomba mwenyewe amejengewa na pamba. Dirishani pale msimu ukifika unaona malori yamejaa pamba nyeupe. Lakini ukimuuliza kitambaa cha makochi kimetoka wapi, anakuonyesha meta za nguo zilizovuka bahari!

Usiku ule nikamkabili mjomba. Nikamwambia habari za binti, za mlinzi na za wageni kumi na tisa. Naye akanijibu kwa hoja nzito, nisimnyime haki yake. "Mjomba, mzungu akija Tanzania anataka Mmasai. Kaona kwenye vitabu. Mimi ni nani nimbishie mteja? Nikimwekea jembe ukutani atasema amekuja ofisi ya kilimo."

Kweli inauma. Lakini nikamuuliza, mtalii huyo mpaka afike Lamadi ametokea wapi? Wengi wametua Kilimanjaro, wamelala Arusha, wamepita Ngorongoro, wamekatiza Serengeti. Mmasai ameshamwona, tena wa kweli, akiwa na ng'ombe wake. Sasa wewe unampa mara ya nne, ya plaiwudi. Ni kama mgeni aliyetoka kula pilau nyumba tatu, na wewe unampa ukoko. Kitu ambacho hajakiona ni chako wewe. Na yule fundi wako, kama alipita njia ya Mwanza, alipita Kisesa. Hapo jirani ndipo ilipo Bujora, makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement kutoka Kanada. Kuna banda la ngoma za watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, na kuna wenyeji wanaokwambia kila ngoma ilikuwa ya nani. Angeteremka saa moja tu na daftari, mjomba ungeokoa fedha za simba.

Mjomba hakujibu. Akazima taa akaenda kulala. Nikajua nimekwisha, kesho napewa nauli.

Asubuhi nikamkuta anaondoa kioo juu ya ngoma, yeye mwenyewe, na kibakuli cha pipi kimehamia kaunta. Nisijisifu, sidhani kama ni mimi. Nadhani ni ile soda iliyoisha baridi mkononi mwa mama yake. Akamwita binti, akamwambia avae gauni lake safi la kila siku, akamwagiza jambo moja tu: mgeni akiingia, aanze kwa salamu ya Kisukuma, halafu Kiswahili, halafu hicho Kizungu kama kipo. Mlinzi naye akaitwa ndani. Ngao za plaiwudi zikashuka. Mjomba akamuuliza kama yupo mtu wa kwao anayetengeneza za kweli na bei yake ni kiasi gani. Jumapili wakaja vijana wa ngoma wakaijaribu ile ngoma ya meza. Ilikuwa imelegea, wakaiota jua, wakaipiga. Majirani wakajaa mpaka barabarani, na soda ziliuzwa siku ile kuliko wiki nzima.

Nakuambia haya kwa sababu najua wengi wenu mnafungua vijibiashara. Huyu ana saluni, yule ana baa, mwingine anajenga vyumba vya wageni huko kwao. Kabla hujamlipa fundi wa miwani ya jua, jiulize maswali yafuatayo. Hiki kitu nani amekitengeneza, na fedha imemfikia? Mgeni akiuliza ni nini, nani hapa ndani atamjibu? Mwenye asili ya kitu hiki akiingia, atacheka au atakaa? Na wafanyakazi wangu wanaweza kukaa nacho bila kujifanya watu wengine? Ukikwama hata kwenye moja, weka ukuta mtupu, upake rangi safi, ununue vitambaa vya makochi. Hakuna atakayekuona mshamba.

Binti wa mapokezi bado yupo kazini. Bibi amerudi kijijini, lakini kabla ya kuondoka alihakikisha kila kochi lina kitambaa. Simba wa plasta yupo pale pale, mjomba anasema alimnunua ghali na hamtoi kwa maneno matupu. Mazungumzo yanaendelea.

Haya, kazi kwako. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.